Shubiri Moja Nje ya Mstari

"Sentimita kumi na moja," nilimwambia mama. "Si mbili, si tatu. Kumi na moja. Nimepima mwenyewe."

"Ndiyo maana nasema umenidhalilisha," mama akajibu bila kuinua uso. "Mtu mzima na akili zake anaingia uwanjani na tepu, watu wote wanamtazama, anapiga magoti kwenye udongo kama aliyedondosha hereni. Hukuona aibu hata kidogo?"

"Aibu ya nini? Kazi yangu ni kupima."

"Kapime viwanja vya watu vya kujengea. Hiki kina wenyewe."

"Na mwanangu naye ana mwenyewe."

Tulikuwa katika chumba cha raketi pale klabuni, mimi, mama na binti yangu. Chumba chenyewe ni kidogo: dirisha moja linalotazama uwanja namba tatu, rafu za mipira, jokofu bovu ambalo mama ameligeuza kabati la bandeji, na mashine ya kufungia nyuzi iliyokazwa mezani kwa skrubu nne. Mama alikuwa amesimama mbele ya mashine hiyo akivuta uzi, na mikono yake haikusimama tangu nilipoanza kufoka. Ndivyo alivyo. Hugombana huku anafanya kazi, na ukitaka akusikilize lazima umsubiri amalize fundo.

Binti yangu, miaka kumi na minne, alikuwa ameketi juu ya kreti la mipira, taulo kichwani kama bibi harusi aliyekimbiwa. Tangu atoke uwanjani alikuwa ametamka neno moja tu: "Sichezi."

Kilichotokea ni hiki. Asubuhi hiyo binti alicheza nusu fainali ya wasichana. Mechi za vijana hazina mwamuzi wa kukaa kitini. Kila mchezaji huamua mipira inayotua upande wake: ukitoka anasema "nje" na kuinua kidole, asiposema mchezo unaendelea. Binti alifika seti ya tatu, tano kwa tano, akapoteza pointi nne mfululizo kwa mipira iliyotua nyuma ya mstari. Aliiona. Mimi niliiona nikiwa kwenye benchi. Hata muuza maji aliiona, maana alitikisa kichwa. Lakini binti hakusema nje. Aliirudisha ile aliyoweza, mingine ikampita, akafungwa saba kwa tano. Alama ya ule wa mwisho ndiyo niliyokwenda kuipima.

Hakusema kwa sababu bibi yake amekataza.

Kanuni ya mama ni moja na kila msichana wa kituo chake anaijua kabla hajafundishwa kushika raketi: mpira ukitua ndani ya shubiri moja kutoka mstarini, hata kama umeuona wazi kwamba ni wa nje, huo ni wako, ucheze. Shubiri moja, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Wasichana wakiwa wadogo huwekewa mkono chini kwenye udongo ili waone ukubwa wake. Baadhi yao huona fahari. Husema, "Sisi wa kwa Bibi hatugombani juu ya mstari."

Siwezi kusema mama hajui anachofanya. Ana miaka sabini na moja na amecheza tenisi kwa miaka hamsini na tatu, na bado Jumatano hucheza wawili wawili na wanaume wa umri wa watoto wake, wakitoka wanashika viuno. Alikuwa mwalimu wa michezo. Alipoanza, wanawake walipewa uwanja kuanzia saa saba hadi saa nane mchana, jua likiwa utosini, kwa kuwa wanaume walikuwa wamekwenda kula. Leo wasichana wanacheza asubuhi na jioni, siku sita kwa juma. Yeye ndiye aliyezunguka shule kumi na tisa akiomba kila moja ichore mistari kwenye saruji ya ua. Yeye ndiye aliyedai chumba cha kubadilishia nguo, na walipomwambia hakuna nafasi, akabadilishia ofisini kwa katibu, siku tatu mfululizo, katibu akiwa nje ya mlango na mafaili yake. Nafasi ikapatikana. Mashindano haya ya wasichana aliyaanzisha yeye, na siku hiyo yalikuwa yanatimiza mwaka wa thelathini na moja.

Kwa hiyo mtu akisimama kumwambia mama kwamba kanuni yake ni mbaya, asimame vizuri.

"Saa nane anacheza kugombea nafasi ya tatu," nilisema. "Wanaochukuliwa kwenye kambi ya vijana ni watatu. Akishinda anakwenda, akishindwa hana chake mpaka mwaka kesho, na mwaka kesho atakuwa amevuka umri. Mruhusu aseme nje pale ambapo ni nje. Siombi zaidi."

"Akisema nje ndani ya shubiri, raketi yangu anaiacha hapa na kituo changu anakiacha. Sijawahi kumruhusu mtoto wa mtu. Nimruhusu wa kwangu?"

"Basi kanuni ife kwa wote."

"Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Ninajua, mama. Kila kitu kilitokea nikiwa sijazaliwa."

Binti akacheka ndani ya taulo, mara moja, kisha akajikaza.

Mama alimaliza fundo, akakata uzi kwa koleo. "Unajua tulifungiwa uwanja," alisema. "Miezi kumi na minne. Rafiki yangu, yule tuliyemwita Kushoto, alicheza mechi ya kirafiki na mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti akapiga, Kushoto akasema nje. Mwenyekiti akasema ndani. Kushoto akasema nje, njoo uone alama. Kesho yake barua ikabandikwa mlangoni: wanawake wameleta ugomvi klabuni, saa yao imefutwa. Tulirudi kwa kusaini barua ya kuahidi utulivu. Saini saba. Siku hiyo nikawaambia wenzangu, kuanzia leo hatuwapi sababu. Mpira wa shubiri tutawaachia. Wakitaka kutufukuza watafute sababu nyingine. Hawakuipata. Vyote unavyoviona nje hapo vimetoka kwenye shubiri hiyo."

Hadithi hiyo ninaijua tangu nikiwa na meno ya utoto. Na ni ya kweli.

"Mwenyekiti huyo amekufa," nilisema.

"Wenyeviti hawaishi, akifa huyu anakaa mwingine."

"Bibi," binti akasema. Alitoa taulo kichwani. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu. "Sikukasirikii. Ila sichezi. Si leo, wala baadaye. Ninaamka saa kumi na moja alfajiri miaka mitatu sasa. Nikifungwa na mtu aliyenizidi, sawa. Leo sikuzidiwa. Nimesimama pale nikajifunga mwenyewe mara nne. Sitaki tena."

Mama alimtazama mjukuu wake. Nilidhani atasema neno la kumtuliza. Akasema, "Funga kamba ya kiatu, utaanguka."

Mlango ukagongwa. Aliingia yule msichana mrefu aliyemfunga binti asubuhi, raketi mkononi, uzi mmoja umekatika katikati. Alipomwona binti alisita, nusu atoke.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama. Samahani, uzi umekatika na fainali yangu ni saa tisa. Kocha ameniambia nije kwako."

"Marahaba. Lete."

Mama hufunga raketi ya yeyote anayebisha hodi, wa kwake na wa wapinzani. Alikata nyuzi za zamani, akaibana raketi kwenye mashine, akauliza msichana anapenda zikazwe kilo ngapi. Ishirini na tatu, akajibiwa. Mama akaanza kazi. Msichana alisimama kwa adabu, mikono nyuma, na kwa kuwa kimya cha watu wazima watatu, nikimhesabu binti kwa jinsi alivyokuwa amenuna, ni kizito kwa mtoto, akaanza kuzungumza.

"Wewe umecheza vizuri sana leo," alimwambia binti. "Ule mkono wako wa nyuma ulinitesa."

"Asante," binti akauambia ukuta.

"Hata wewe umejitahidi," mama alimwambia mgeni. "Unapiga mipira mirefu, huogopi. Wasichana wengi wa umri wako hubana mkono."

"Mimi pia hubana, bibi. Nikicheza na wengine. Nikicheza na wa kwako ninapiga kwa raha tu."

"Kwa raha vipi?"

"Kwa sababu ya ile shubiri." Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu anayesifia maua ya mwenyeji. "Kocha hutuambia, mkikutana na wa kwa Bibi msiogope mstari, pigeni mirefu, uwanja wao ni mrefu kuliko wa watu wengine. Tunafanya mazoezi yake kabisa, siku mbili kabla. Kila mtu anajua nyie ndio wenye adabu kuliko wote."

Mikono ya mama ikasimama.

Nimemjua mama kwa miaka arobaini na mbili. Nimemwona akifunga raketi siku baba alipolazwa, na siku paa la chumba hiki lilipovuja maji yakamdondokea shingoni. Sikuwahi kuona uzi ukilegea kwenye mashine akiwa ameushika.

"Siku mbili kabla," alirudia.

Msichana akaelewa kwamba kuna kitu amekivunja, ila hakujua ni kipi. Akanitazama mimi. Nilimwambia akapumzike, raketi yake itakuwa tayari kabla ya fainali. Alitoka kinyumenyume.

Mtu mwenye huruma angenyamaza hapo. Mimi nilichukua kalamu ya mama na kipande cha boksi la nyuzi. Nina stashahada ya upimaji ardhi na miaka kumi na minane ya kusimama kati ya majirani wanaogombania mpaka, na nimejifunza kwamba mtu hukubali namba upesi kuliko anavyokubali maneno.

"Shubiri yako ni sentimita ishirini na mbili," nilimwambia. "Mstari wa nyuma una mita nane na ishirini na tatu. Mistari ya pembeni, hadi wavuni, karibu mita kumi na mbili kila mmoja. Zidisha, jumlisha. Ni mita za mraba saba. Chumba hiki nimekipima wakati wa kuweka rafu. Ni mita saba za mraba. Kila msichana wako akiingia uwanjani analinda uwanja wake, halafu na chumba hiki chote juu yake. Mwenzake halindi."

Mama aliangalia ukuta mmoja, akaangalia ukuta wa pili. Kisha akafunga uzi wake vizuri kwenye kibano, akavua miwani, akatoka. Nikamfuata. Binti alibaki.

Kocha wa yule msichana tulimkuta chini ya turubai, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamenya chungwa. Jina lake la klabuni ni Filimbi, kwa sababu ya sauti. Alikuwa nahodha wa timu ya kwanza kabisa ya wasichana aliyoifundisha mama, na sasa ana kituo chake upande wa pili wa mji, wasichana sitini. Alipomwona mama alisimama haraka, chungwa likabaki mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wasichana wako wanafanya mazoezi ya kupiga nje?"

Filimbi alinitazama, akaona mimi sina msaada, akaliweka chungwa juu ya kiti.

"Wanafanya mazoezi ya kupiga mirefu."

"Wakicheza na wangu."

"Wakicheza na wako, ndiyo."

"Nimekufundisha mimi. Leo unawafundisha kuwapora wenzao."

"Sijawafundisha kupora, mwalimu. Msichana wangu akipiga nje anajua ametoa. Anasubiri kusikia nje. Hasikii. Sasa afanye nini, alie?"

"Angesema mwenyewe kwamba umetoka."

"Angeweza, na angekuwa mtoto mzuri kuliko mimi. Lakini kwa kanuni za mchezo kazi hiyo ni ya aliye upande ule. Wewe ndiye uliyenifundisha kanuni, ukurasa kwa ukurasa, tumekaa kwenye zile ngazi pale. Ukurasa huo peke yake ndio uliouruka."

Filimbi, ambaye kunong'ona kwake husikika barabarani, alijitahidi kushusha sauti.

"Nimepoteza mechi nyingi kwa shubiri ile. Moja ilikuwa ya kwenda kusoma nje kwa udhamini. Sikukulaumu, nilijua umetoka wapi. Ila nilipopata wasichana wangu nilisema hawa watasema."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ukanipa ufagio nifagie uwanja namba mbili."

"Nilikupa ufagio?"

"Na nikafagia. Ukaniambia nimeacha kona."

Nilicheka, siwezi kudanganya. Filimbi naye akacheka. Mama hakucheka, lakini alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, juu ya chungwa, akainuka, akalitoa, akalishika mkononi kama mpira. Akakaa tena.

"Ule mpira ulikuwa nje," alisema.

"Upi?" nikauliza. Nilidhani anasema wa binti.

"Wa mwenyekiti. Ule wa Kushoto. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mstari, nilikuwa mwenzake, tulicheza upande mmoja. Ulitua hapa," akaonyesha chini, umbali wa unyayo. "Kamati ikaniita. Ikaniuliza, wewe uliona nini? Nikasema sikuona vizuri, jua lilikuwa machoni."

Sehemu hiyo ya hadithi sikuwahi kuisikia.

"Kushoto akanitazama tu. Hakugombana nami. Barua ya utulivu alikataa kusaini. Alinunua cherehani, akaacha kucheza, na alikuwa bora kuliko mimi, tena mara mbili. Sisi tuliosaini tukarudi." Aligeuza chungwa. "Kisha nikatunga kanuni ili kila msichana awe kama mimi siku ile. Asione vizuri. Jua liwe machoni."

"Mama, ulikuwa na miaka ishirini na minne," nilisema. "Na kanuni ilifanya kazi. Ilifungua mlango."

"Ulishafunguka zamani. Nimewasimamisha watoto mlangoni." Aliinuka. "Saa ngapi?"

"Saa saba na dakika ishirini."

"Wangu wako wapi?"

"Wametawanyika. Wengine wanakula, wengine wako kwenye kivuli cha jukwaa."

"Waite wote. Uwanja namba tatu, hakuna mtu hadi saa nane. Filimbi, nikopeshe sauti."

Filimbi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliita mara moja, na kwa dakika tatu wasichana kumi walikuwa wamesimama kwenye mstari wa nyuma, wengine midomo bado inatafuna. Wa kumi na moja, binti yangu, alikuja hadi kwenye lango la waya, akasimama hapo, taulo begani. Hakuingia. Watu wa klabu, wazee wale wa kamati na wazazi waliokuwa wakisubiri fainali, walianza kusogea kutazama.

Mama alichukua raketi mbili kwa wasichana, akanipa moja. "Nenda upande wa pili. Upige mipira huku."

"Mimi? Filimbi yupo."

"Filimbi akipiga itaingia. Nataka itoke. Wewe hujawahi kuniangusha."

Nilivua viatu vya kazini nikavuka wavu peku. Mama alisimama mbele ya wasichana wake, mgongo umenyooka, mikono nyuma.

"Mmefundishwa jambo na mimi," aliwaambia, "na mmelishika vizuri, hamna kosa. Mwenye kosa ni aliyefundisha. Kuanzia leo hakuna shubiri. Mpira ukiwa ndani ni ndani. Usipokuwa na hakika, basi ni ndani; hiyo ni kanuni ya mchezo na tutaiheshimu. Ukiona kwa macho yako kwamba umetoka, unasema nje, kwa sauti ya kufika upande wa pili, na unainua kidole. Huombi radhi. Humtazami kocha, wala mama yako. Nitaanza mimi."

Nilipiga. Ulikwenda mbali vizuri, ukatua nusu mita nyuma ya mstari, ukagonga waya.

Mama alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Miaka hamsini na tatu ya tenisi, vikombe kabati zima, na neno dogo kama hilo limemkwama kama mwiba wa samaki. Wasichana walikuwa wanamtazama. Wazee wa kamati nao walikuwa wanatazama.

"Tena," akaniambia.

Nilipiga tena. Huu ulikuwa wa karibu, labda upana wa kiganja, alama ikaonekana wazi kwenye udongo mwekundu.

"Nje," mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeagana na mgonjwa. Kidole kikapanda hadi kifuani, kikaishia hapo.

"Sijasikia," nikapaza sauti kutoka upande wangu. Ni kweli sikusikia vizuri.

Akanitazama kwa jicho ambalo utotoni lingenipeleka kitandani bila kula. "Nje," akasema, na safari hii neno lilivuka wavu, likavuka waya, mzee mmoja wa kamati akageuka kuona nani ameitwa. Kidole kilikuwa juu ya kichwa chake.

Wasichana wakaingia mmoja mmoja. Wa kwanza alisema nje kisha akasema samahani, mama akamrudisha mwanzo. Wa pili alicheka kila mara. Wa tatu, mdogo kuliko wote, alisema nje kwa nguvu hadi nyuzi za raketi zikavuma, tukapiga makofi. Mimi niliendelea kurusha mipira, jasho likinitiririka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kila kosa langu lilikuwa na faida. Kisha mmoja ukaniponyoka, ukatua mwishoni mwa mstari wa pembeni, ukarusha chokaa.

"Nje," wakasema wasichana watano kwa pamoja, vidole juu.

"Ndani," mama akasema. "Umegusa. Njooni muone." Akawainamisha wote juu ya alama. "Mkianza kusema nje kwa kila mpira msioupenda, nitawarudishia shubiri kesho asubuhi. Tumeelewana?"

Wakaitikia kwamba wameelewa.

Binti alikuwa bado langoni. Mama alimwendea. Sikuwa mbali, nilikuwa naokota mipira karibu na waya, nikasikia.

"Asubuhi nilikukosea," mama alimwambia. "Mara nne. Pointi zile siwezi kukurudishia, zimekwenda. Ukiamua kuacha, acha kwa sababu umechoka na tenisi, usiache kwa sababu yangu."

Binti alitazama viatu vyake. Kamba zilikuwa zimefungwa. "Na nikisema nje leo, wale wazee wakisema ni ugomvi?"

"Waje kwangu. Niko pale kwenye benchi, nina nafasi."

"Utakasirika?"

"Nitakasirika ukiacha kona wazi kwenye mkono wa mbele kama asubuhi. Zaidi ya hapo sina neno."

Binti alinyoosha mkono. Mama akampa raketi aliyokuwa ameishika. Meza ya mashindano ikatangaza mechi ya nafasi ya tatu, uwanja namba tatu, na tukaondoka wote uwanjani, mimi peku, viatu mkononi. Filimbi akatusogezea nafasi kwenye benchi.

Mpinzani wa binti alikuwa msichana mwenye miguu myepesi kutoka kituo kingine, na bila shaka naye alikuwa amesikia habari za urefu wa uwanja wetu. Gemu ya kwanza, pointi ya pili, alivuta mkono nyuma akaupiga mpira kwa nguvu zote. Ulipaa juu ya wavu, ukatua nyuma ya mstari, si mbali. Mama, pembeni yangu, alishika goti langu akalibana.

Binti aliuangalia ulipotua. Hakugeuka kututazama.

"Nje," akasema, kidole juu.

Mpinzani wake akaitikia kwa kichwa, akahamia kona yake ya pili, akasubiri mpira unaofuata.